Waya wa Buluu kwenye Kijumba cha Mwenye Mahali

Kaeni vizuri, mtege masikio kabla sijatega kingine. Nina mlango usio na bawaba. Ukiamka tu, huuliza swali moja. Mwenye mlango hana ufunguo, na anayejibu hana mdomo. Haya, niambieni, ni mlango gani huo?

Msikimbilie kusema yai, wala kinywa, wala kaburi. Nimekuwa nikitega vitendawili tangu nikiwa darasa la nne, na darasa la nne ndiko nilikoishia, kwa hiyo vya zamani vyote navijua. Hiki si cha zamani. Hiki nilipewa na binti yangu Phueng, nikakaa nacho nusu mwaka bila jibu. Mkishindwa mtanipa mji, na sitaki mji mkavu. Lakini ngojeni kwanza, msishindwe haraka.

Phueng kwa lugha yetu ni nyuki. Nilimwita hivyo kwa sababu alipozaliwa hakulia kama watoto wengine. Alivuma chini kwa chini, mmm, mmm, kama mzinga uliofichwa mbali. Mkunga alisema, "Buakham, umezaa nini hiki?" Nikamwambia, nimezaa nyuki.

Nyuki wangu alikua akafanya kazi na watu wanaowaficha wanawake. Mwanamke akipigwa na mumewe mpaka akakiona kifo, akatoroka na wanawe, Phueng na wenzake humtafutia mahali pa kukaa. Mahali hapo hapaandikwi kwenye karatasi. Mwenzake Nui, yule mwanamama mnene mwenye kicheko cha kuku, anajua majina. Phueng anajua mahali. Ndiyo kanuni yao: ukimbana mmoja wao unapata nusu tu, na nusu haikufikishi popote.

Orodha ya mahali ilikaa nyumbani kwangu, chini ya ngazi, ndani ya kisanduku cheusi kisichozidi matofali mawili. Kilikuwa na taa moja ya kijani, na kilivuma usiku na mchana.

"Mama, wakiiba hiki wameiba tofali," Phueng aliniambia siku alipokiweka.

"Tofali gani linalovuma?"

"Kila kilichomo ndani kimefungwa kwa siri. Ni kama nimekitwanga kwenye kinu pamoja na pilipili. Ukikitazama hujui kipi kilikuwa kitunguu, kipi kilikuwa samaki. Kisipopata ufunguo wake hakisomeki mpaka kiyama."

"Na ufunguo unao wewe."

"Wa akiba ninao, uko humu." Akagonga paji la uso wake. "Lakini umeme wa mtaa huu si unaujua, Mama? Unakatika, unarudi, kisanduku kinazima na kuwaka, na mimi niko huko milimani na pikipiki. Nani atakaa hapa kukiandikia neno la siri? Wewe?"

"Mimi naandika vizuri. Nilikuwa wa tatu darasani."

"Darasa lenyewe mlikuwa wangapi?"

"Usinitukane."

Akacheka. "Basi nimekipanga kijifungue chenyewe kila kinapoamka. Baraza inafunguka kwanza, hiyo haina kitu. Halafu kinafika kwenye mlango wa chumba cha ndani, kinauliza. Kikijibiwa, kinafunguka. Mwizi akikichomoa akaenda nacho kwake, kitauliza hukohuko, na hakuna wa kukijibu."

"Kinamuuliza nani?"

"Kinamuuliza mtu aliyemo ndani ya uzio wetu."

"Mimi?"

"Wewe ungekitegea kitendawili, kisingefunguka mpaka mwaka mpya wa Songkran."

"Nani, basi?"

"Tegua, Mama. Miaka yote hii unanitesa, leo na mimi nimekutega."

"Nimeshindwa. Chukua mji. Nakupa Lampang."

"Lampang ninaishi. Sitaki."

"Chukua Chiang Mai."

"Ina moshi."

"Bangkok nzima, na mto wake!"

"Nikikwambia utawaambia wauza mboga wote, Mama. Fikiri kwanza."

Simu yake ikalia, akatoka. Swali likabaki linaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Mwezi wa Januari, kwenye kona ya kiwanda cha vyungu, lori la udongo mweupe lilimgonga akiwa kwenye pikipiki. Alikaa hospitali wiki tatu, wakaniambia wamefanya waliloweza, wakanirudishia nyumbani. Mifupa iliunga. Macho yalikuwa wazi. Ukimtia uji kinywani alimeza. Lakini hakunena hata neno, na mzazi akimtazama mwanawe anajua kama yumo au hayumo. Hakuwemo.

Kwetu mtu ana roho ndogo thelathini na mbili, na akishtuka sana mojawapo humtoka ikabaki palepale iliposhtukia. Basi nikamwita Mzee Inta, aliyekuwa mtawa ujanani, twende tukaiite. Tulikwenda pale konani na wavu wa kuvulia samaki, yai la kuchemsha, wali, na shati la Phueng. Mzee Inta akachota hewa kwa wavu, akaita, "Njoo, mwana, njoo nyumbani, usilale njiani." Malori yakitupita, vumbi jeupe likitushukia vichwani. Aliita mara tatu, kisha akashusha wavu.

"Haipo hapa," akasema.

"Iko wapi?"

"Imetangulia. Naona kama imetangulia nyumbani."

Tukarudi nyumbani, nikamfunga Phueng uzi mweupe mkononi, roho isitoke tena, nikangoja. Hakunena. Kitu kimoja tu nilikiona siku zile: kila nilipowasha taa za kijumba cha Mwenye Mahali pale uani, kile cha juu ya nguzo ambamo roho mlinzi wa kiwanja huwekewa udi na vyakula, alizungusha macho akatazama dirishani. Niliona, nikafurahi, nikasahau kujiuliza.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na nitawaambia kosa langu kabla hamjalisikia kwa Nui, maana yeye hulipamba.

Mzee Inta alipokuwa akiondoka alisimama mbele ya kijumba chetu, akakizunguka. Kilikuwa kile cha kale, cha tangu tulipojenga. Nguzo yake imeinama, ukuta una ufa, na paa marehemu mume wangu alikuwa amelitia kiraka kwa kipande cha bakuli, lile lenye mchoro wa jogoo. Mzee Inta akatikisa kichwa.

"Dada Buakham, Mwenye Mahali anakaa kwenye nyumba mbovu namna hii, na wewe unataka akulindie watoto?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mwanangu kapondwa na lori, na sababu iko pale uani kwangu, imeinama! Wiki ile ile nikanunua kijumba kipya, cheupe, chenye dhahabu kwenye mapaa. Mzee Inta akamwomba Mwenye Mahali radhi, akamwomba ahame. Kile cha kale, kama desturi ilivyo, hakichomwi wala hakitupwi jalalani. Kilifunikwa kitambaa cheupe, kikapakiwa kwenye kigari, kikapelekwa nyuma ya hekalu, chini ya mti mtakatifu wa Bodhi, kwenye vijumba vingine vilivyostaafu. Hatukuchungulia ndani. Nani anatia mkono kwenye nyumba ya Mwenye Mahali?

Kabla hakijaondoka ilibidi nikate nyaya. Wa taa naujua, mume wangu ndiye aliyeuvuta. Lakini kulikuwa na waya mwingine, mwembamba, wa buluu, umepita chini ya majani mpaka ukutani. Nikadhani fundi fulani kausahau. Nikachukua mkasi wa maua. Ta!

Jioni ile nilipowasha taa za kijumba kipya, Phueng hakuzungusha macho. Kesho yake aligeuza uso ukutani, na huko ukakaa.

Kisanduku chini ya ngazi hakikuonyesha lolote. Kiliendelea kuvuma, taa yake kijani. Mlango ukishafunguka haujifungi mpaka umeme ukatike. Nui alikuwa akija kila Jumanne kuona kama kiko salama. Angeweza kuisoma orodha ya Phueng siku yoyote. Hakuisoma, kwa sababu kanuni ni kanuni, usijue usichohitaji kujua. Mpaka leo anajipiga kifua kwa hilo.

Mapema Aprili, Jumatano mchana, ikaja ile dhoruba ya msimu wa joto. Mvua ya mawe ilibomoa vigae vya jirani na umeme, uliokuwa haujakatika tangu nikate ule waya, ukakatika kwa saa mbili nzima. Uliporudi, nilifurahia feni, wala sikuinama kutazama chini ya ngazi.

Alhamisi asubuhi Nui alifika bila kicheko. Aliiacha pikipiki langoni, injini inanguruma.

"Mama, kisanduku kinawaka?"

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, Mama. Kinawaka?"

Nikamshika mkono, nikamkalisha, nikamwambia aseme. Akasema. Kulikuwa na mwanamke aitwaye Kaewta, ana mtoto wa kike wa miaka saba. Mumewe, Thawin, alimmwagia mafuta ya moto mgongoni, akafungwa. Leo asubuhi ametoka. Na mfungwa mwenzake amewaambia watu wa Nui kwamba Thawin alikuwa akijisifu wiki nzima: mkewe amejulikana alipo, mama mkwe kateleza ulimi kwenye simu, na akitoka tu anakwenda moja kwa moja, hata kwao hapiti.

"Mpigieni simu Kaewta ahame," nikasema.

"Mama yake Kaewta hapokei simu, na namba yake mwenyewe ilibadilishwa alipofichwa. Namba na mahali viko humo." Akaonyesha ngazi. "Mimi nina jina tu, Mama. Nina jina, na sijui niliite wapi."

Tukainama chini ya ngazi. Taa haikuwa kijani, ilikuwa ya njano, na kisanduku kilikuwa kimya. Nui akakiunganisha na kioo cha kompyuta, yakatoka maneno meupe kwenye giza. Mstari mmoja. Kisha mstari uleule tena. Kisha tena.

"Kinasema nini?"

"Kinauliza. Hakijibiwi. Kinauliza tena." Nui akavuta pumzi. "Kimeuliza tangu jana mchana, Mama. Usiku kucha kimekaa hapa kinauliza."

Na mimi usiku kucha nililala hatua kumi kutoka pale.

"Si ukiandikie neno la siri?"

"Analo Phueng."

Tukamtazama Phueng kitandani. Mgongo wake ulikuwa umetuelekea.

"Nakala hamna?"

"Ziko mbili. Kufuli ni lilelile."

Nui akaketi chini sakafuni, akaanza kusoma mpango ambao Phueng aliuandika kwenye ile baraza isiyo na kufuli. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Kikiamka, kiamshe kwanza vya mbele... kingoje waya uwe hai... kisha kiombe ufunguo wa chumba cha ndani kwa..." Akarudisha kidole nyuma, akasoma tena.

"Kwa nani?"

"Mama, usidhani nakutania."

"Nui, nitakufinya."

"Ameandika, kwa Mwenye Mahali."

Sikungoja. Nilitoka uani na udi, na soda nyekundu, na shada la yasmini, nikapiga magoti mbele ya kijumba kipya. "Baba," nikasema, "binti yangu anasema wewe ndiye unayejibu. Kuna mtu na mtoto wake, maisha yao yako kwenye jibu lako. Mbona umenyamaza?"

Moshi wa udi ukapanda. Nui akaita dirishani, "Bado, Mama!"

Nikaongeza yai la kuchemsha.

"Bado!"

Nikaongeza la pili, nikainama mpaka paji likagusa majani. Na pale, karibu na pua yangu, ikatokeza ncha ya waya wa buluu, imekatwa kwa mkasi wa maua.

Nilibaki nimeinama. Mtu akiona kosa lake hainuki upesi.

Nui alikuja, akaokota ile ncha, akanitazama. "Nani alikata?"

"Mimi."

"Mama!"

"Usinipigie kelele, nimeshapiga magoti."

Akakaa kwenye majani karibu nami, akashika kichwa. "Ndani ya kijumba cha kale ndimo alimokificha hicho cha kujibu. Kamashine kadogo, kama kipande cha sabuni. Kazi yake ni moja tu, kumjibu yule wa chini ya ngazi. Mwizi anaweza kubeba kisanduku, anaweza kubeba hata jiko. Lakini mwizi gani wa Lampang atatia mkono kwenye kijumba cha Mwenye Mahali?"

"Hayupo," nikasema. "Nyuki wangu!" Na nikajionea fahari na aibu kwa pamoja.

"Na nyumba ya zamani iko wapi?"

Tulifika nyuma ya hekalu saa sita, jua utosini. Mnaijua sehemu ile. Hata mbwa wa hekalu hupita mbali. Chini ya mti wa Bodhi vijumba vimerundikana, vingine vimesimama, vingine vimelala ubavu, vingine vimebaki mapaa matupu. Vidoli vya watumishi wa wenye mahali vimetawanyika kwenye mizizi, havina vichwa. Tembo wa udongo wamekatika mikonga. Chupa za soda zimejaa maji ya mvua. Milango midogo kila upande, imeachama, na ndani ya kila mlango giza, ingawa jua lilikuwa kali kiasi hicho.

"Viko vingapi, Mama?" Nui alinong'ona.

"Havihesabiwi."

"Cha kwako utakitambuaje?"

"Paa lina kiraka cha jogoo."

Tukaanza kuzunguka. Hakukuwa na upepo, na majani ya Bodhi, ambayo hutikisika hata mtu akipumua, yalikuwa yametulia kama yamechorwa. Tulizunguka mara ya kwanza, hatukuona jogoo. Mara ya pili, hatukuona. Nui alikuwa akitazama saa kila hatua tatu.

Mara ya tatu nikasikia. Mmm. Mmm.

"Simama," nikamwambia. "Unasikia?"

"Nyuki," Nui akasema, akarudi nyuma. "Kuna mzinga, Mama, tutaumwa."

Nilifuata ule mvumo. Nilipita katikati ya nyumba za wenyewe nikiomba radhi kushoto na kulia, samahani baba, samahani mama, napita tu, namtafuta wangu. Ulikuwa upande wa nyuma kabisa, chini ya paa lililoanguka kutoka kijumba kingine. Nui alinisaidia kuliinua paa. Jogoo akatuangalia kwa jicho lake jeusi.

Hapakuwa na nyuki. Nilichungulia mlangoni, hapakuwa na hata mmoja. Na mvumo ukawa umekoma.

"Tia mkono, Nui."

"Mimi siwezi, Mama. Nifukuze kazi, niite mwoga, siwezi."

Nikaomba ruhusa. Nikasema jina langu, jina la mume wangu, na jina la binti yangu. Nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilipapasa mavi ya mijusi, nikapapasa majivu ya udi ya miaka arobaini, kisha nikashika kitu cha mraba kama kipande cha sabuni. Sijui jua lilipita wapi likafika mle ndani. Kilikuwa cha moto kama paji la mtoto mwenye homa.

Nyumbani Nui alitandaza gazeti mezani, akafungua kale kamashine kwa bisibisi ndogo. Sisi wawili tukatazama ndani. Kutu. Mayai ya siafu, meupe, kama punje za wali. Kibao cha kijani kilikuwa kimepasuka katikati. Nui akakiunganisha na umeme, hakuna kilichowaka. Akabadilisha waya. Hakuna. Akakipuliza, akakisugua, akakiombea, akakitukana.

"Kimekufa, Mama," akasema mwishowe. "Kimekufa siku nyingi, tangu mvua ya kwanza." Akaweka uso mezani, akalia vile analiavyo mtu mnene, mabega yote yakipanda na kushuka. "Saa nane imepita. Basi la kutoka jela lilifika mjini asubuhi."

Chini ya ngazi taa ya njano ilikuwa pale. Kinauliza. Hakijibiwi. Kinauliza tena.

Mimi si mtu wa mashine. Lakini najua kwamba kitu cha mtu, ukikitupa bila kumwambia, hata kikiwa kibovu, unakirudisha mikononi mwake. Nikavikusanya vile vipande na gazeti lake, siafu na kutu na vyote, nikaenda kwa Phueng. Nikamgeuza polepole alale chali. Nikaviweka tumboni pake, nikauchukua mkono wake wenye uzi mweupe, nikaufunika juu yake.

"Nyuki," nikamwambia, "nimekuletea kitu chako. Mimi ndiye niliyekikata, mimi ndiye niliyekipeleka mtini. Sikujua. Nilidhani nakujengea nyumba nzuri. Nisamehe."

Hakunitazama.

"Yule wa chini ya ngazi anauliza tangu jana. Kuna mama na mtoto wake. Uliniambia nitegue, nimeshindwa kutegua, miji yangu umeikataa. Niambie sasa. Nani anayemjibu?"

Feni ikizunguka. Halafu, chini ya ngazi, mmm, mmm, kisanduku kikaanza kuvuma.

Nui alipiga ukelele hata chungu cha maua kikaanguka. "Mama! Mama! Kijani! Kimefunguka!"

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya kioo, vidole vinakimbia. Mahali pa Kaewta pakatokea, kisha namba. Nui alipiga. Ililia mara tano. Mara ya sita sauti ya mwanamke ikasema, kwa hofu, "Nani?"

"Nui. Toka sasa hivi."

"Mtoto yuko shule."

"Pitia shule. Toka kwa mlango wa nyuma, usibebe kitu."

"Hata viatu vya mvua?"

"Kaewta, dada yangu, acha viatu!"

Aliacha viatu. Jioni ile, mwenye nyumba aliyokuwa akikaa alipiga simu. Mwanamume mmoja amefika langoni, amevaa shati safi, ana mfuko mdogo mkononi, anauliza kwa upole sana kama hapa panakaa mwanamke mwenye mtoto mmoja. Mwenye nyumba alimwambia hapa wanakaa yeye na bata zake. Polisi walimkuta bado amesimama pale, anatazama viatu vya mvua kwenye kizingiti. Kwenye ule mfuko mdogo walikuta chupa ya mafuta. Kaewta na mtoto wako salama mpaka leo, na mahali walipo sipajui, wala nyinyi msiniulize.

Nui hakuondoka. Alikaa mbele ya kioo, akaniita kwa sauti ndogo.

"Mama, njoo uone. Kila kinachotokea kinaandikwa." Akaweka kidole. "Hapa kinauliza. Hapa kinauliza. Hapa kinauliza. Hapa, saa tisa na dakika kumi na saba, kimejibiwa."

"Na nani?"

"Kimeandika, na Mwenye Mahali. Kutoka ndani ya uzio huu."

Tulitoka uani bila kuambiana. Waya wa buluu ulikuwa palepale kwenye majani, ncha yake imekatwa, haikuunganishwa na kitu. Sisimizi mmoja alikuwa akitembea juu yake.

Nui akavaa kofia yake ya pikipiki ndani ya nyumba, akaifunga kidevuni, akaketi hivyohivyo sebuleni. Mimi nikapika uji wa wali, nikautia tangawizi, nikaupuliza njia nzima mpaka chumbani.

Uso wa Phueng haukuwa ukutani. Ulikuwa umenielekea mlangoni, kama uliokuwa ukiningoja. Vile vipande vilikuwa bado tumboni pake, na vidole vyake, ambavyo tangu Januari vilikuwa vimelegea kama mboga iliyolala, vilikuwa vimevikumbatia.

Nikaketi ukingoni. Nikauweka uji sakafuni. Nilijua kwamba nikiuliza, huenda nikajibiwa, na sikujua kama nataka. Lakini nimetega vitendawili maisha yangu yote, na kuacha kimoja bila jibu siwezi.

"Nyuki," nikasema. "Nani aliyekijibu?"

Midomo yake ilikuwa mikavu, ilichukua muda kuachana. Sauti ilipotoka ilikuwa ya chini sana, ya kuvuma, ile ile aliyozaliwa nayo.

"Mimi, Mama," akasema. "Nilikuwa najibu kila kilipouliza. Ila mlikuwa mmenipeleka mbali, kule mtini."